Bisibisi Haisomi Volti: Historia Fupi ya Mngurumo wa Nduthi

Wasee, fundi wa nduthi hapa Kaloleni hupima injini kwa sikio. Anawasha, anaachilia mafuta, anasikiza. Injini ikitaka kuzima, anazungusha skrubu ya kabureta kidogo tu, mngurumo unapanda. Ikipiga kelele sana, anarudisha. Dakika mbili, unalipa, unaenda kubeba abiria. Kuna watu huita hiyo kubahatisha. Hao hawajui historia.

Eastlands imeishi kwa kazi ya mikono tangu zamani. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, Jogoo Road ikiitwa bado Doonholm Road, na jirani zetu wa Makongeni walikuwa watu wa reli. Mwaka 1972, Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa ripoti maarufu kuhusu Kenya. Ilisema wazi kwamba hawa watu wa vibanda wanaohangaishwa na serikali wanazalisha mali, wanaajiri na wanafundishana kazi. Ilichukua miaka 13 hadi Rais Moi awatembelee mafundi wa Kamukunji, 1985, na kuwaahidi paa la kufanyia kazi. Jua kali ikawa neno la hotuba.

Nduthi zilijaa baadaye. Boda boda ilianza na baiskeli mpakani Busia miaka ya 1960, lakini mwaka 2008 serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, mambo yakabadilika. Karibu zote zilikuwa za kabureta. Kijana alikaa kando ya fundi miezi kadhaa, akatoka na kazi. Hakuna mtu aliuliza cheti.

Sasa injekta imefika. Si kitu kipya duniani: Kawasaki waliiweka kwa pikipiki mwaka 1980, Honda wakafuata na CX500 Turbo mwaka 1982. Ilikuwa ya pikipiki za bei. Kilichobadilisha mchezo kwetu ni India, kwenye asili ya Boxer na TVS. Aprili 2020 sheria ya moshi ya BS VI ilianza kule, na viwanda vikahamisha pikipiki nyingi kutoka kabureta. Afrika bado tunauziwa za kabureta, lakini za injekta zinazidi kuingia mtaani.

Na hapo sikio peke yake linakwama. Kwenye injekta, kipepeo kinachopitisha hewa kina sensa pembeni. Kompyuta ya pikipiki huipa volti 5. Ukiachilia mafuta, sensa hurudisha kama nusu volti. Ukivuta hadi mwisho, inapanda kukaribia 4 au zaidi, kulingana na modeli. Kompyuta ikiona kipepeo kimefungwa, inajua umesimama, inashikilia injini karibu mizunguko 1,400 kwa dakika.

Sasa fundi anaona skrubu ndogo inayozuia kipepeo, anadhani ni ile ya zamani, anazungusha. Volti zinapanda. Kompyuta inadhani umevuta mafuta, inaacha kabisa kazi ya kutuliza injini. Mngurumo unapanda na kushuka, mafuta yanaisha haraka, na msee wa boda anapoteza siku nzima ya kazi.

Skrubu hiyo hupimwa kiwandani, iachwe. Anza na usafi: kaboni kwenye kipepeo na njia ya hewa. Angalia kama hewa inaingia kwa mpira uliopasuka. Pima nafasi ya valvu, plagi na betri. Yote yakiwa sawa ndiyo uwashe swichi bila kuwasha injini, uweke multimeta kwenye waya wa sensa, ulinganishe na kitabu cha modeli hiyo. Kama sensa imetengenezwa ya kusogezwa, isogeze hadi namba ikubali. Modeli zingine pia zinataka kompyuta ifunzwe upya.

Kuna wanaosema injekta imemaliza jua kali. Mimi nakataa. Multimeta zinauzwa Luthuli Avenue, si kifaa cha NASA. Kinachokosekana ni zile namba: vitabu vya modeli havifiki kwa kibanda. Wanaotuuzia pikipiki wangeviachilia, kwa Kiswahili, fundi angezisoma kama alivyosoma kabureta. Na wewe uliyeacha shule, NITA wana mtihani wa kazi, daraja la III hadi la I, wanapima unachojua kufanya.

Mwisho, angalia nduthi za umeme za Roam, Spiro na Ampersand zinazopita Nairobi. Hizo hazina mngurumo kabisa zikisimama. Sikio halina kazi hapo. Lakini mkono wa mafuta bado ni sensa inayotuma volti kwa kompyuta, kazi ileile ya ile sensa ya kipepeo. Fundi anayejifunza kuipima leo tayari ameshika mlango wa kesho. Anayebaki na bisibisi peke yake atazipita nduthi hizo zikiwa zimezimika, na hatajua aanzie wapi.