Nani Alilipia Maulidi ya Lamu?

Watu wa rika letu wakisikia kuna tamasha mahali, swali la kwanza ni nani amedhamini. Ni kampuni ya simu? Ya bia? Ama ni kaunti? Tumezoea hivyo. Hakuna bango, hakuna jukwaa, na bila jukwaa hakuna tamasha. Sherehe ikifa tunasema wadhamini wamejitoa, tunasonga mbele.

Sasa chukua Lamu. Kila mwaka, wiki ya mwisho ya mfungo sita, ule mji wa vichochoro na punda hujaa wageni hadi pomoni. (Kama hukulelewa Pwani: Waswahili huhesabu miezi tangu Ramadhani iishe, kwa hivyo mfungo sita ni Rabiul Awwal, mwezi aliozaliwa Mtume.) Watu hutoka Mombasa, Malindi, Pate, Tanga, Zanzibar, hata Ngazija. Wanalala, wanakula, wanaimba usiku kucha kwa matwari, mchana kuna mashindano ya punda na mashua, halafu wanarudi makwao. Hii kitu imeenda kwa zaidi ya miaka 100. Imepita vita viwili vya dunia, imepita mkoloni, imepita Uhuru, na haikusimama kwa bango la mdhamini.

Kabla mtu hajaniruka: najua Maulidi ni ibada kwanza, siyo shoo. Mimi hapa naongea kuhusu ngoma zake, na kuhusu watu walioibeba sherehe mgongoni. Kwa sababu ukiuliza hela na nguvu zilitoka wapi, jibu ni la kushangaza. Sehemu kubwa ilitoka kwa watu ambao mji wenyewe ulikuwa umewadharau, wao na ngoma zao.

Lamu ya mwisho wa karne ya 19 ilikuwa mji wa matabaka, na matabaka yenyewe ungeyaona kwa macho ukitembea. Upande wa kaskazini, Mkomani, kulikuwa na nyumba za mawe, milango ya kuchongwa, na waungwana waliojua ukoo wao hadi babu wa babu. Kusini, Langoni, kulikuwa na nyumba za udongo na makuti. Huko waliishi wageni kutoka Ngazija na Hadhramaut, wavuvi, wachukuzi, na watu waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa. Mashamba yaliyowapa waungwana utajiri yalilimwa na hao hao. Waingereza walifuta hadhi ya utumwa kisheria katika sehemu hii ya Pwani mwaka 1907. Poa, lakini sheria haimlazimishi jirani kukukaribisha barazani kwake. Elimu ya dini kwa undani ilibaki mikononi mwa familia zile zile, na ngoma za watu wa mashamba zilihesabiwa kuwa kelele za kishenzi.

Hapo ndipo anaingia Habib Swaleh. Jina lake kamili ni Swaleh bin Alawi Jamalil-Leyl, sharifu aliyezaliwa Ngazija, na watu wa kwao walikuwa wameshatangulia Lamu. Angeweza kukaa na wakubwa bila shida. Ukoo alikuwa nao, elimu alikuwa nayo. Yeye akaenda kukaa Langoni na kuanza kufundisha watu ambao hakuna aliyekuwa na haraka ya kuwafundisha. Karibu mwaka 1900 pakasimama msikiti wa Riyadha, na kando yake madarasa.

Halafu akafanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililojenga sherehe nzima. Kabla yake, Maulidi yaliyosomwa zaidi Lamu yalikuwa Barzanji. Yeye akashika Maulidi ya Habshi, yaliyotungwa na Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut. Haya yanaimbwa na kundi zima, yanaitikiwa, na pale Riyadha yalisindikizwa na matwari, zile ngoma bapa za kushika mkononi. Ndani ya msikiti. Na nje ya msikiti ikapata nafasi ngoma ya uta, ngoma ya watu wa chini, ile iliyokuwa imeachiwa mashamba.

Manze, mji uliwaka. Kulikuwa na wanazuoni waliosema ngoma haina kazi msikitini, na walikuwa na hoja zao za kidini ambazo hadi leo zina watu Pwani nzima. Wapo wanaosema Maulidi yenyewe ni bidaa. Mimi si mtu wa kuamua hiyo kesi. Ninachosema ni kwamba chini ya mabishano ya dini kulikuwa na mabishano mengine: nani ana ruhusa ya kumsifu Mtume kwa sauti, na kwa mtindo wa nani. Mwanaanthropolojia wa Misri, Abdul Hamid el-Zein, aliandika kitabu kizima kuhusu Lamu mwaka 1974, The Sacred Meadows, na mvutano huu wa waungwana, masharifu na watu waliotoka utumwani umo ndani. Si kitabu chepesi. Lakini ukikimaliza hutaiangalia tena ile ngoma kama pambo la watalii.

Turudi kwa swali la hela. Tukisema "msaada wa jamii" siku hizi, tunafikiria kikapu kinazunguka, au namba ya M-Pesa chini ya bango. Lamu msaada ulikuwa na maana nzito kuliko hiyo. Fikiria wewe ni mtu ambaye baba yako aliitwa mali ya mtu. Hujawahi kuwa mwenyeji wa mgeni yeyote wa maana, kwa sababu katika mji huo wewe mwenyewe ulihesabiwa kama kitu kilichopelekwa kwa wageni. Halafu wiki moja kwa mwaka, mtu ametoka mbali kwa jahazi, amefika Langoni, anahitaji mkeka, maji na sahani ya chakula, na mlango anaougonga ni wako. Ukimpa, umeshakuwa mwenyeji. Wewe sasa ndiye mwenye mji.

Ndiyo maana nasema haukuwa mchango wa kuombwa-ombwa. Mwenye mbuzi alileta mbuzi, mwenye minazi alileta nazi. Asiye na kitu alileta mikono, na kazi ya mikono ndiyo kubwa kuliko zote ukiwa unalisha maelfu: kuteka maji, kupasua kuni, kusafisha masufuria, kubeba mizigo kutoka gatini. Kuna mpiga twari anayesifiwa, lakini nyuma yake kuna watu hamsini ambao hakuna mtu huwapiga picha. Wengi wao ni wanawake. Na sisi watu wa kamera ndio wabaya zaidi hapo, tunarekodi zefe tu, jikoni hatufiki.

Kitu cha pili kilichoshikilia Maulidi ni wanafunzi. Riyadha ilipokea vijana kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Wakimaliza, walirudi kwao wakafungua madrasa, wakaanzisha Maulidi kwa mtindo ule ule, na mfungo sita ukifika walirudi Lamu na wanafunzi wao wapya. Kwa hivyo "jamii" haikuwa mtaa mmoja tu. Habib Swaleh alifariki katikati ya miaka ya 1930, na sherehe haikufa naye kwa sababu haikuwa ya mtu mmoja tena.

Linganisha na tamasha lile lingine la Lamu, la utamaduni, ambalo kwa kawaida hufanyika Novemba. Lilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati UNESCO ilipouweka Mji wa Kale kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, yaani 2001. Silichukii. Limewapa mapato wenye mashua, wasusi, wapika vyakula, na limewapa wapiga ngoma wa visiwa jukwaa. Lakini lina bajeti, na kitu chenye bajeti hutetemeka bajeti ikitetemeka. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni, Lamu iliwekewa kafyu ya usiku kwa miezi, na watalii wakapotea. Mwenye hoteli alihesabu vyumba vitupu. Lakini mtu anayekuja Lamu kwa sababu mwalimu wake alifundishwa Riyadha hakuja kwa sababu ya tangazo, kwa hivyo si rahisi kumfukuza kwa habari mbaya.

Kinachonipa wasiwasi sasa si ukosefu wa pesa. Ni pesa zenyewe. Siku hizi mwanasiasa anajua akileta ng'ombe atapewa maikrofoni, na kampuni inajua umati ni soko. Ng'ombe wa bure ni mtamu, sikatai. Lakini kila sufuria inayojazwa na mheshimiwa ni sufuria ambayo nyumba fulani ya Langoni haikuijaza, na miaka kumi ya hivyo inatosha kwa kijana wa mtaa huo kukua akijua Maulidi ni kitu unachoenda kula, siyo kitu unachopika.

Na uta je? Ngoma haifundishwi kwa video ya sekunde 30, naongea kama mtu anayezitengeneza. Inafundishwa na mzee aliyekaa karibu na wewe anayekupiga kofi la mkono ukichelewa kuingia. Kama uko Lamu, au nyanya yako ni wa huko, nenda umuulize mwaka gani alipikia wageni wengi zaidi, walilala wapi, na mchele ulitoka kwa nani. Mrekodi kwa sauti tu, hata bila picha. Muulize pia nani mtaani kwao bado anaujua uta mwanzo hadi mwisho.