Kuwasha na Kuzima Seva za Unix
Katika Unix, mfumo uliozaliwa Bell Labs nchini Marekani mwaka 1969, kwa miongo mingi seva ilijipeleka yenyewe chinichini. Programu ilijigawa kwa wito wa fork kuwa mzazi na mtoto, mzazi akatoka, mtoto akajitenga na terminali, kisha akaandika namba yake ya utambulisho kwenye faili. Aliyetaka kuizima alisoma namba hiyo na kutuma ishara ya 15, inayoipa programu nafasi ya kufunga mafaili yake. Ishara ya 9 huua papo hapo. Udhaifu ulikuwa mkubwa: seva ikianguka, faili lilibaki, na namba ile ingeweza kupewa programu nyingine, ikauawa bila kosa. Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers walileta kwenye Linux, mfumo unaofanana na Unix, programu ya systemd, inayofuatilia seva bila kutegemea faili hilo. Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, iliipokea kama chaguo-msingi katika toleo la 8, mwaka 2015.