Kamusi Isiyo na Jalada

Leo tunarudi kwa ile kamusi ya chumba cha vijana, ile isiyo na jalada, ambayo kila mtu anaipigania akisikia kuna usaili.

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alipeleka barua ya kuomba nafasi ya masomo. Mahali pa kusema mapema akaandika "betimes", mahali pa wiki akaweka "sennight". Hakuyabuni, yamo ndani ya kamusi kabisa. Pembeni kuna kifupisho kinachosema neno ni la zamani, ila nani kati yetu alifundishwa kusoma vifupisho vile? Barua ikarudi: eti aandike upya kwa Kiingereza kinachoeleweka. Aliona haya sana. Na sisi pia, juu ni sisi tuliomsaidia kuyachagua.

Basi tukauliza, maneno yaliyokufa yanafanya nini ndani ya kamusi?

Kumbe kamusi za Kiingereza zilianza na maneno magumu tu. Mwaka 1604 mwalimu Robert Cawdrey alitoa kitabu cha maneno kama 2,500. Huyu mzee zamani alikuwa mchungaji, akanyang'anywa parokia yake kwa kugombana na wakubwa wa kanisa. Hakushughulika na maneno ambayo kila mtu anayajua. Alikusanya yale ya Kilatini, Kigiriki na Kifaransa ambayo watu waliyasikia kwenye mahubiri wakabaki wanatazamana. Alisema wazi kitabu ni cha wanawake na watu wengine wasiosoma sana. Hata alfabeti ilibidi awaelezee: neno la A litafute mwanzoni.

Mwaka 1616 daktari John Bullokar akafanya jambo la akili, aliweka alama ya nyota kwenye maneno ambayo watu wameshaacha kuyatumia. Miaka saba mbele, Henry Cockeram akaja na kamusi yenye sehemu iliyogeuzwa: unaanza na neno lako la kawaida, yeye anakupa la kifahari uonekane umesoma. Tulipofika hapo tulinyamaza kidogo. Ndicho tulichomfanyia mwenzetu.

Lakini aliyetushika zaidi ni Samuel Johnson. (Msimchanganye na Johnson wa kamusi ya Kiswahili ya 1939, yule ni Frederick.) Samuel alianza kazi London mwaka 1746, kamusi ikatoka 1755 na maneno zaidi ya 42,000. Alikuwa na wasaidizi sita wa kunakili. Mengi ya maneno yake leo hakuna anayeyasema, na maana zake zinachekesha. "Mouth-friend" ni mtu wa kujifanya rafiki bila kuwa na nia hiyo. Sisi tunamwita rafiki wa mdomo, na kila bloku inaye. "Kissingcrust" ni ile ganda la mkate pale mikate miwili ilipogusana ndani ya tanuru. Mama zetu wanaopika mikate wanaijua sehemu hiyo, watoto wanaigombania, ila jina hatuna. "Jogger" kwake ni mtu anayetembea kwa uzito na uvivu. Timu ya mpira ilipinga sana hapo!

Halafu kuna "oats", nafaka ya nchi za baridi. Johnson aliandika kwamba Uingereza hupewa farasi, ila Uskoti ndiyo inalisha watu. Sasa angalia: kati ya wale wasaidizi sita, watano walikuwa Waskoti. Wamekaa mezani kwake wananakili chakula cha kwao kikiitwa cha farasi. Sisi hatukucheka. Wengi wetu tumewahi kupanga foleni ya mahindi ya njano huku mtu amesimama pembeni anasema hicho ni chakula cha wanyama. Yeye hakuandika kamusi, lakini maana aliyoitoa tunaikumbuka mpaka leo.

Johnson mwenyewe alinaswa na maneno yake. Pensheni aliieleza kwa ubaya, kwamba kwa Uingereza ni malipo ya mtu anayetumiwa na serikali kuisaliti nchi yake. Mwaka 1762 mfalme akampa pensheni ya pauni 300 kwa mwaka. Akaichukua, bwana. Alikuwa ameishi na madeni miaka mingi, na sisi hatumlaumu.

Tumeanza kufanya kama Bullokar: tunapitia kamusi yetu na kalamu nyekundu, nyota kwa kila neno la zamani. Tumefika herufi D. Barua ya mwenzetu imeandikwa upya, ukurasa mmoja tu, akapeleka Jumatatu. "Sennight" alitaka kuiacha palepale kwa hasira, tukabishana karibu saa nzima. Mwishoni akaandika wiki moja, kwa Kiingereza cha kawaida. Jibu bado halijafika.