Walimu Walioibeba Peramiho

Itaje Peramiho mbele ya mtu wa Songea, naye ataanza kukuhesabia: mapadre, mabruda wenye ndevu, hospitali, karakana, mtambo wa kuchapa vitabu. Sawa, hayo yote ni kweli. Mimi nina swali moja tu, tena la kizushi kidogo: siku ambazo watawa hawakuwepo, nani aliwafundisha watoto?

Tuanze na miaka. Wabenediktini wa St. Ottilien, shirika lililoanzishwa Ujerumani na Andreas Amrhein mwaka 1884, walifika Dar es Salaam mwaka 1888. Mwaka 1898 Padre Cassian Spiss akafungua misheni Peramiho, kilomita kama 24 kutoka Songea mjini. Walikuja na desturi yao ya sala na kazi. Kwa mtawa wa Benedikto jembe lina saa yake, kama zaburi nayo ilivyo na saa yake.

Halafu Majimaji. Tarehe 14 Agosti 1905 Spiss, wakati huo akiwa askofu, aliuawa Mikukuyumbu, upande wa Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Peramiho ikachomwa moto. Wajerumani wakalipiza kwa risasi, kwa kamba na kwa njaa. Tarehe 27 Februari 1906 watu 67 walinyongwa Songea. Kwa hiyo, msomaji, tusisimulie kana kwamba shule iliwakuta watu wanaisubiri kwa vigelegele. Ilirudi katika nchi ya makaburi mapya. Waliopeleka watoto wao walikuwa na hesabu zao: mkuki umeshindwa, hebu tujaribu kalamu.

Hapo ndipo anapoingia mtu wangu, mwalimu wa kijijini. Misheni zilikuwa chache, vijiji vingi, safari ni kwa miguu. Padre alipita mara mojamoja, akabatiza, akafungisha ndoa, akaondoka. Kibanda cha nyasi kilichoitwa shule kilibaki mikononi mwa kijana aliyekaa misheni miaka michache. Asubuhi anaongoza sala, kisha a, e, i, o, u, hesabu na nyimbo, kisha watoto wanashika majembe. Jumapili anawakusanya watu kusali bila misa. Mtu akifa, aitwe mwalimu. Barua ikija, aitwe mwalimu. Naye si mtawa! Ana mke, ana watoto, ana shamba lake, na ujira wenyewe ni wa kutia huruma. Ndiyo maana mpaka leo kwetu katekista huitwa mwalimu. Lugha haikusahau, hata kama sisi tumesahau.

Mtihani wenyewe ulikuja na Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Songea, na kufikia 1920 wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameondolewa nchini. Wabenediktini walipata tena mguu wa kusimamia mwaka 1922, Gallus Steiger, Mswisi, alipopewa kuongoza Prefektura ya Lindi. Katikati ya miaka hiyo walioendelea kuwakusanya watu na kuwafundisha wanaotaka ubatizo walikuwa walimu hao. Kama roho ya shirika ingekuwa ndani ya kanzu nyeusi, basi ingepanda meli pamoja na wenye kanzu. Haikupanda.

Mwaka 1931 Peramiho ikawa abasia. Mwaka 1969 Songea ikapata jimbo lake, chini ya Askofu James Komba. Mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Elimu, na kuanzia 1970 shule za mashirika ya dini zikawa za serikali. Mara ya pili mwenye nyumba akatoka, mara ya pili mwalimu akabaki. Mshahara sasa unatoka serikalini, darasani wamo Waislamu na Wakristo wa kila namna. Lakini shamba la shule lilibaki, maana Elimu ya Kujitegemea ya 1967 nayo ilitaka mwanafunzi alime. Jembe halikuulizwa dini yake.

Sitaki kuwapamba. Roho hiyo ilitembea na fimbo. Kuna ngoma za wazee wetu zilizoitwa ushenzi, na aliyesimama mbele ya watoto kuyasema hayo alikuwa mwalimu huyohuyo, Mngoni mwenzao. Alibeba mema ya misheni na mabaya yake kwa bega moja. Kwa sababu hiyo hasa ndiyo anastahili kuandikwa kama mtu mzima, siyo kama msaidizi wa mzungu.

Tena mapokeo yanasema Benedikto mwenyewe hakuwa padre. Basi tunashangaa nini watu wasio mapadre wakiibeba desturi yake?

Vijana wenzangu mnaotaka kuandika, maabate wana picha na tarehe zao vitabuni. Walimu wa vijijini wamo katika vichwa vya wajukuu zao, na wajukuu hao sasa ni wazee. Mnatafuta hadithi mbali ya nini? Nenda Ungoni na daftari. Uliza mwalimu wa kwanza wa kijiji aliitwa nani, alilipwa nini, alimpiga nani, na padre alipoondolewa, Jumapili iliyofuata alifanya nini. Andika jina lote, la ubatizo na la ukoo.