Fiziotherapia ya mapema baada ya kubadilishiwa nyonga au goti

Fiziotherapia ya mapema ni mazoezi tiba yanayoanza siku ileile ya upasuaji wa kuweka kiungo bandia, au kesho yake. Upasuaji wa kisasa wa kubadilisha nyonga ulianzishwa na John Charnley nchini Uingereza mwaka 1962. Nchini Tanzania upasuaji wa kuweka viungo bandia hufanyika katika hospitali kubwa, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Hatua. Kitandani mgonjwa huchezesha vifundo vya miguu ili damu isigande kwenye mishipa, na hukaza misuli ya paja. Kisha huketi, husimama na kutembea kwa magongo. Aliyebadilishiwa goti hujitahidi kulinyoosha kabisa na kulikunja hadi nyuzi 90 katika wiki za mwanzo. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda. Uliopasuliwa hutangulia kushuka.

Tahadhari. Mgonjwa wa nyonga aliyepasuliwa kwa nyuma huzuiwa kuikunja kupita nyuzi 90, kukunja nne au kuuzungusha mguu kwa ndani. Kwa hiyo kigoda, choo cha kuchuchumaa na kulima kwa kuinama huepukwa. Kiti kirefu chenye mikono hufaa.

Nyumbani. Mgonjwa anayerudi vijijini huhitaji kufundishwa mazoezi pamoja na ndugu kabla ya kuruhusiwa. Homa, kidonda kutoa usaha, kuvimba kwa shavu la mguu au kukosa pumzi humpeleka hospitali mara moja.