Kupasuliwa ng'ambo ili kupunguza unene: Arudipo Majengo, mgonjwa atapokewa na nani?

Safari ya ndege kutoka Nairobi hadi Mumbai huchukua takriban saa sita, na hospitali nyingi za India zimezoea kuwapokea wagonjwa kutoka Kenya. Kwa mkazi wa Majengo, uwe mtaa wa jina hilo ulioko Meru au ule wa Embu, anayewazia kwenda huko kupasuliwa ili apunguze unene, sehemu ngumu ya safari huanza anapotua tena katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, akiwa na mshono mbichi na barabara ndefu mbele yake.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, walisema wahenga wa pwani. Mawakala wanaouza safari hizi huzungumzia sana kwenda. Kuhusu kurudi husema machache.

Haja yenyewe si ya kubeza. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa wanawake 45 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 20 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi au unene wa kupindukia. Miongoni mwa wanaume idadi hiyo ilikuwa 19. Unene huo huandamana na kisukari, shinikizo la damu, maumivu ya magoti na kukatika kwa pumzi usingizini, na ni wengi waliokwisha kujaribu kujinyima chakula mara kadhaa, uzito ukapungua kisha ukarejea na ziada. Kuwaita watu hao wavivu ni kutojua jinsi mwili unavyopigania uzito wake: mtu anapokonda, homoni za njaa huongezeka na mwili hutumia nishati kidogo kuliko awali.

Jambo la kwanza la kufahamika ni kwamba upasuaji huu si ule wa kunyonya mafuta chini ya ngozi, unaofanywa katika kliniki za urembo. Mambo hayo mawili huchanganywa kila mara, hasa tangu Oktoba 2024, kifo cha mwanamke aliyefanyiwa huduma hiyo ya kunyonya mafuta jijini Nairobi kilipozua mjadala mkubwa. Kunyonya mafuta hubadilisha umbo. Hakutibu kisukari wala hakupunguzi njaa.

Upasuaji unaozungumziwa hapa hugusa tumbo lenyewe, yaani ule mfuko unaopokea chakula. Njia inayotumika zaidi ulimwenguni siku hizi ni ya kukata na kuondoa takriban robo tatu au zaidi ya mfuko huo, ukabaki mrija mwembamba mfano wa ndizi. Kilichoondolewa hakirudishwi. Njia ya pili, iliyoanzishwa na daktari Edward Mason katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka wa 1966 na kuboreshwa baadaye, ni ya kutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikaruka sehemu kubwa ya njia yake ya kawaida. Zote mbili hufanywa kwa nusukaputi, kupitia matundu madogo yanayoingizwa kamera na vyombo virefu.

Manufaa yake yamethibitishwa. Nchini Sweden, uchunguzi ulioanza 1987 na kuwafuatia zaidi ya watu 4,000 ulionyesha, katika ripoti ya 2007, kuwa waliopasuliwa walifariki wachache kuliko wenzao wa unene kama huo ambao hawakupasuliwa. Aidha, wengi wenye kisukari cha watu wazima hupunguza au huacha dawa kwa miaka kadhaa.

Si kila mnene anayestahili, hata hivyo. Kipimo kinachotumika ni uzito kwa kilo, ukigawanywa kwa kimo kwa mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Mwanamke wa kimo cha mita 1.60 mwenye kilo 90 hupata 35, na mwenye kilo 103 hupata 40. Kwa miaka 30 kigezo kilikuwa 40, au 35 kwa aliye na maradhi yanayotokana na unene. Mwaka wa 2022 vyama viwili vikuu vya madaktari wa fani hii, cha Marekani na cha kimataifa, vilikishusha hadi 35 hata kwa asiye na maradhi mengine, na kusema kuwa wenye 30 na kisukari wanaweza kufikiriwa. Mwanamke huyo huyo akiwa na kilo 77 hufikia 30. Wakala anayemkubali mteja kwa picha ya simu pekee, bila kipimo wala vipimo vya damu, amekwisha kujieleza.

Swali la pili ni kwa nini ng'ambo. Upasuaji huu hufanywa jijini Nairobi, na Aga Khan University Hospital ni miongoni mwa hospitali zinazoutoa. Wanaoelekea India au Uturuki huvutwa na bei, na pia na uzoefu wa madaktari wanaoufanya kila siku. Hoja ya uzoefu ina uzito, kwani katika kazi ya mikono aliyefanya mara elfu hukosea kidogo kuliko aliyefanya mara kumi. Hoja ya bei yataka hesabu ndefu zaidi, ambayo itafikiwa hapa chini.

Msaada wa serikali kwa safari kama hii si wa kutegemewa. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hufikiria matibabu ya ng'ambo kwa huduma zisizopatikana nchini, na hii inapatikana. Kwa hivyo fedha hutoka mfukoni, kwenye chama cha akiba, au kwa harambee ya jamaa na majirani.

Kwa anayekwenda India, kuna visa maalumu ya matibabu, ambayo huombwa kwa mtandao, na msindikizaji huomba yake. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho ni lazima kwa anayetoka Kenya, na chanjo hiyo huhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kudungwa. Wako waliozuiwa uwanjani kwa karatasi hiyo ndogo ya rangi ya manjano.

Hospitali ichunguzwe kabla ya kutuma hata shilingi. Uturuki, wizara ya afya hutoa kibali maalumu kwa hospitali na mawakala wanaowapokea wagonjwa wa kigeni. India kuna shirika la kukagua ubora wa hospitali, NABH, na madaktari wa huko husajiliwa rasmi kama wanavyosajiliwa wa Kenya. Muhimu kuliko vyeti vya ukutani ni jina la daktari mwenyewe atakayeshika kisu, na mazungumzo naye ana kwa ana, japo kwa video, kabla ya kusafiri. Mgonjwa anayekutana na daktari wake mara ya kwanza akiwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu amechelewa kuuliza maswali.

Hatari zipo hata penye mikono bora. Katika vituo vyenye uzoefu, hufariki takriban mtu mmoja kati ya 1,000. Mstari ulioshonwa huvuja kwa mmoja au wawili kati ya 100. Serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa raia wake sita walifariki Uturuki mwaka wa 2023 baada ya matibabu mbalimbali waliyoyasafiria huko. Januari 2019, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilionya kuhusu viini sugu vilivyowapata Wamarekani waliopasuliwa katika mji wa Tijuana, Mexico, wengi wao kwa ajili ya kupunguza unene. Viini hivyo havikusikia dawa za kawaida, na vilijulikana baada ya wagonjwa kurejea makwao.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Uvujaji aghalabu hujitokeza katika wiki chache za kwanza, wakati ambapo mgonjwa wa kigeni ameshatoka hospitalini, na pengine ameshapanda ndege. CDC huwashauri waliopasuliwa tumbo wasisafiri kwa ndege kwa angalau siku 10, nayo safari nyingi zinazouzwa ni za siku saba. Kukaa kitini kwa saa nyingi huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, na bonge likifika mapafuni huua kwa dakika. Baada ya ndege kuna gari: zaidi ya kilomita 120 hadi Embu, na kwa wa Meru zaidi ya kilomita 220, akipitia Chuka na makona ya mto Nithi. Ni heri kulala Nairobi siku kadhaa, karibu na daktari wa upasuaji aliyekwisha kupewa habari mapema.

Dalili za uvujaji hudanganya. Mnene aliyepasuliwa huenda asiwe na tumbo gumu wala homa kali. Ishara ya mapema mara nyingi ni moyo kwenda mbio, mapigo zaidi ya 120 kwa dakika, pamoja na kuhema, wasiwasi usio na sababu au maumivu ya bega la kushoto. Anayeona hayo hapaswi kungoja kuche.

Mlango wa kwanza atakaobisha utakuwa wa hospitali ya rufaa ya Meru au ya Embu, au mojawapo ya hospitali za misheni za eneo hilo kama vile Chogoria. Daktari wa zamu usiku ana ujuzi wake, lakini hawezi kuona kwa macho ni nini kilichofanywa ndani ya tumbo hilo. Ndiyo sababu mgonjwa asitoke ng'ambo bila ripoti kamili ya upasuaji kwa Kiingereza, yenye jina la njia iliyotumika, dawa alizopewa, picha za vipimo na nambari ya simu ya daktari inayopokewa. Ripoti hiyo ibaki nyumbani na nakala yake iwe kwa jamaa anayeweza kuisoma.

Jambo moja ni la kuandikwa kwa wino mzito. Aliyepasuliwa akitapika kwa siku nyingi hupungukiwa na vitamini B1, na upungufu huo unaweza kuharibu ubongo. Mgonjwa wa kutapika, kila mahali, huwekewa maji ya glukosi. Kwa huyu, glukosi ikitangulia kabla ya vitamini hiyo, madhara huweza kuzidi. Msindikizaji aliyeambiwa hilo mapema aweza kumkumbusha daktari kwa adabu.

Duka la dawa la mtaani nalo lina mtego wake. Tembe za maumivu za jamii ya diclofenac na ibuprofen, zinazonunuliwa Kenya kama peremende, huweza kutoboa vidonda kwenye kiungo kipya, hasa kwa aliyeunganishwa utumbo. Atumie paracetamol, na amweleze kila mwuzaji wa dawa kuwa alipasuliwa.

Chakula ndicho kitakachomkumbusha kila siku. Wiki za kwanza ni vinywaji tu, kisha uji laini na vyakula vilivyopondwa. Sahani ya kawaida ya mukimo haitamalizika tena, na protini, yaani mayai, ndengu, samaki au nyama, hutangulia wanga. Chai ya maziwa yenye sukari nyingi kwa mahamri mawili, kifungua kinywa cha nyumba nyingi za Majengo, inaweza kumfanya aliyeunganishwa utumbo atokwe jasho, moyo umpige na aharishe. Miraa hukata hamu ya kula na kuongeza mapigo ya moyo, na soda inayotafunwa nayo hurudisha sukari ile ile iliyokimbiwa.

Mwislamu anayefunga Ramadhani amwulize daktari wake waziwazi, kwa kuwa anayeweza kunywa maji kwa mafundo madogo tu ni vigumu kufidia mchana mzima kwa usiku mmoja. Aulize pia kuhusu vidonge vya vitamini, kwani gamba la baadhi yavyo hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe. Vipo vya kutafuna visivyo na gamba hilo.

Vitamini hizo, pamoja na madini ya chuma, kalsiamu na B12, humezwa maisha yote, na damu hupimwa angalau mara moja kwa mwaka. Hii ndiyo hesabu ndefu iliyotajwa awali. Harambee hulipa tiketi na kisu. Hakuna harambee ya vidonge vya mwaka wa kumi. Mawe ya nyongo hutokea kwa baadhi ya wanaokonda haraka, na kuyaondoa ni upasuaji mwingine. Wanawake hushauriwa kutoshika mimba kwa miezi 12 hadi 18, na tembe za kupanga uzazi huenda zisifanye kazi ipasavyo, hivyo njia nyingine itafutwe.

Mwafrika aliyejulikana zaidi kwa safari ya aina hii alikuwa mwanamke wa Alexandria, Misri, aliyesafirishwa hadi Mumbai kwa ndege ya mizigo Februari 2017 akisemekana kuwa na kilo 500 hivi. Alipasuliwa Machi, na madaktari wakatangaza kuwa alipungua mamia ya kilo; dada yake akapinga maelezo yao hadharani. Mei alihamishiwa Abu Dhabi, akafariki Septemba mwaka huo huo. Hali yake ilikuwa ya kipekee na maradhi yake mengi, lakini mzozo ule kati ya familia na waliomtibu, kila upande ukiwa na hesabu yake ya uzito na matokeo, waweza kumkuta yeyote asiyekuwa na karatasi mkononi.

Njia ya tatu imejitokeza miaka ya karibuni, nayo ni sindano za semaglutide na dawa za jamii yake. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa hizo katika orodha ya dawa muhimu kwa wenye kisukari cha watu wazima na unene wa kupindukia. Bei yake bado ni mzigo kwa wengi, uzito huelekea kurudi zikiachwa, na tangu 2023 zimenaswa za bandia katika nchi kadhaa. Hata hivyo, kwa mwenye kipimo cha 32 anayewazia kuuza shamba ili apande ndege, kumwona daktari wa kisukari Meru, Embu au Nairobi kwanza hakugharimu shamba.

Anayeamua kwenda baada ya hayo yote anaweza kuanza na safari fupi: kufika katika hospitali ya rufaa iliyo karibu naye, akiwa mzima, na kuuliza kama yuko daktari wa upasuaji atakayekubali kumfuatilia akirudi. Jibu likiwa ndiyo, aandike jina na nambari ya simu. Likiwa la, auliza vivyo hivyo Nairobi, kabla ya kulipa nauli.