Mganga Hajigangi: Nyuzi Ndani ya Maktaba za Majaribio

Leo nataka tuangalie historia ya jambo ambalo waandishi wengi wa programu hulipita bila kulitazama. Kila siku tunatumia maktaba za majaribio kuhakikisha kwamba programu zetu ni salama. Je, maktaba zenyewe ni salama?

Kwanza tuelewane kuhusu neno "uzi". Programu moja inaweza kufanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja, na kila mkondo wa kazi huitwa uzi. Nyuzi hizo hutumia kumbukumbu moja ya kompyuta, kama wapishi wawili wanaotumia sufuria moja. Mmoja akitia chumvi bila mwenzake kujua, naye akatia yake, chakula kimeharibika. Msimbo usioharibika hata nyuzi nyingi zikiugusa pamoja ndio tunaouita salama kwa nyuzi.

Hatari yenyewe si ya vitabuni tu. Tarehe 14 Agosti 2003 umeme ulipotea kaskazini mashariki mwa Marekani na sehemu ya Kanada, na watu wapatao milioni 50 wakaathirika. Moja ya sababu ilikuwa mfumo wa kengele za tahadhari katika kampuni moja ya umeme ya Ohio, ambao ulikwama kimyakimya. Wachunguzi walikuja kugundua kwamba shughuli mbili zilikuwa zimegombania data moja kwa wakati mmoja. Mfumo huo ulikuwa umetumika kwa muda mrefu katika mitambo mingi bila hitilafu hiyo kujitokeza.

Sasa turudi kwa maktaba zetu. Mwaka 1994 Kent Beck alieleza njia rahisi ya kupima programu za Smalltalk, nayo ikazaa SUnit. Mwaka 1997 yeye na Erich Gamma waliandika JUnit ya Java wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta. Ilikuwa maktaba ndogo yenye wazo zuri: jaribio likifaulu unaona rangi ya kijani, likishindwa unaona nyekundu.

Lakini tazama inavyofanya kazi. Sharti likivunjika, JUnit hurusha kosa, na msimamizi wa majaribio hulidaka. Katika Java, kosa hupanda kwenye uzi uliolirusha peke yake. Ukianzisha uzi mwingine ndani ya jaribio lako na sharti likavunjikia huko, msimamizi hana habari. Pengine utaona maandishi ya kosa yakipita kwenye skrini, lakini matokeo yatabaki kijani. Mbaya zaidi, jaribio linaweza kwisha kabla uzi ule haujamaliza kazi yake.

Kwa maoni yangu, hilo ni baya kuliko kutokuwa na jaribio lolote. Asiye na jaribio huwa na wasiwasi na hukagua. Aliyeona kijani hulala usingizi.

Siwalaumu waanzilishi. Wakati ule kompyuta nyingi za mezani zilikuwa na prosesa yenye kiini kimoja, na nyuzi zilipokezana zamu, kwa hiyo migongano mingi haikuonekana. Mambo yalibadilika mwaka 2005, prosesa za viini viwili za Intel na AMD zilipoingia kwenye kompyuta za kawaida. Nyuzi zikaanza kukimbia sambamba kwelikweli, na hitilafu zilizokuwa zimejificha zikatoka.

Maktaba zikafuata, kila moja kwa njia yake. TestNG, iliyoanzishwa na Cédric Beust mwaka 2004, ilikuruhusu kuendesha jaribio moja kwa nyuzi nyingi. Lakini ina mtego wake: JUnit huunda kitu kipya kwa kila jaribio, ilhali TestNG hutumia kitu kimoja kwa majaribio yote ya darasa. Ukiyaendesha sambamba, vigeu vya darasa huwa sufuria ile ile ya wapishi wawili.

Mwaka 2008 Google ilitoa Google Test ya C++, iliyoahidi usalama wa nyuzi pale tu ambapo mfumo una maktaba ya pthreads. Lugha ya Go ina sharti lake: amri ya FailNow lazima iitwe na mkondo ule ule unaoendesha jaribio. Tangu mwaka 2013 Go huja pia na kifaa cha kunusa nyuzi zinazogombania data. Na JUnit yenyewe ilipata uwezo wa kuendesha majaribio sambamba katika toleo 5.3, mwaka 2018, pamoja na njia ya kufunga rasilimali ili majaribio mawili yasiiguse kwa pamoja.

Hata hivyo kanuni ya kale haijabadilika. Kosa lililo kwenye uzi mwingine, wewe ndiye wa kulileta nyumbani. Subiri uzi umalize, chukua kosa lake, kisha likague kwenye uzi wa jaribio. Tangu Java 5 ya mwaka 2004, kitu kiitwacho Future hufanya kazi hiyo vizuri: ukiliita get, kosa la uzi ule linakurudia mkononi.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Maktaba ya majaribio nayo haijipimi yenyewe. Kabla hujaiamini rangi ya kijani, vunja sharti makusudi ndani ya uzi wa pili uone kama taa itageuka nyekundu. Isipogeuka, umeshapata jibu lako.